SOMO: MTOTO ANAPOKUWA KIJANA

Mtoto hakui siku moja. Hukua polepole, kama mahindi shambani. Hapa Kasekese kila mkulima anajua jambo hili. Mhindi ukitoa mbelewele, tayari ni mrefu. Lakini hatuvuni siku hiyo. Punje bado hazijakomaa. Kijana naye ni hivyo hivyo.

Mwili hubadilika

Wasichana wengi huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13. Wavulana wengi huanza kati ya miaka 9 na 14. Msichana huota matiti, kisha huvunja ungo. Mvulana huwa na sauti nzito, kisha huota ndevu. Hali hii huitwa balehe. Si ugonjwa, wala si aibu.

Akili hubadilika

Akili haikui kwa mwendo wa mwili. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso hutusaidia kupima mambo na kujizuia. Sehemu hiyo hukomaa mwisho, kwenye miaka 25 hivi. Kwa hiyo kijana hukasirika upesi. Hupenda kujaribu mambo, hasa rafiki zake wakimtazama. Usiku hachelewi kukesha, na asubuhi ni mzito kuamka. Ukimwagiza, huuliza, "Kwa nini?" Wazazi husema, "Mtoto huyu amekuwa jeuri." Mara nyingi si jeuri. Anajifunza kujitegemea.

Hatari iko wapi?

Hatari ni kumwona kijana ni mtu mzima kwa sababu ya kimo chake. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima ulifanywa mwaka 2015-16. Mkoa wetu wa Katavi ulikuwa wa kwanza kwa mimba za wasichana. Katika kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wamezaa au wana mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 27.

Nyonga za msichana mdogo hazijamaliza kukua. Anaweza kushindwa kujifungua. Anaweza kufa, au kupata fistula, yaani kuvuja mkojo bila kuweza kujizuia.

Sheria nayo ni kali. Tangu mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Na tangu Novemba 2021, msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi. Basi tusimfukuze nyumbani.

Wazazi tufanye nini?

1. Tumweleze kabla hajabalehe. Zamani bibi na shangazi waliwafunza wasichana, babu na mjomba wavulana. Leo wengi wao wako mbali. Kazi hiyo ni yetu.

2. Tumsikilize kwanza, tumkanye baadaye. Kijana anayeogopa fimbo huficha jambo lake mpaka limeharibika.

3. Tumpe kazi ya kuaminiwa, kama kuhesabu magunia ya mavuno. Akifanya vizuri, tumsifu.

4. Tumwekee mipaka, na tumweleze sababu zake.

5. Akiwa na huzuni siku nyingi, hali wala hasemi na watu, tumpeleke zahanati.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kijana mrefu si lazima awe mtu mzima?

2. Nani anawafunza vijana wa nyumbani kwako mambo ya balehe?

3. Andika sentensi mbili utakazomwambia mwanao leo jioni.