KIPARA: NANI ANAFAA KUPANDIKIZWA NYWELE?



Siku hizi habari za kupandikiza nywele zimefika hata vijijini. Vijana wanaonyeshana kwenye simu picha za watu waliokwenda Istanbul, Uturuki, wakiwa na vipara, wakarudi na nywele. Hapa zahanati nimeulizwa zaidi ya mara moja: "Dokta, nikiuza ng'ombe wawili, na mimi nitafanyiwa?" Kabla ya kuuliza habari za bei, uliza kwanza kama kichwa chako kinafaa.

Tuanze na kazi yenyewe. Kupandikiza nywele si kutengeneza nywele mpya. Ni kuhamisha. Mkulima wa tumbaku au kahawa ana kitalu; hung'oa miche kitaluni na kuipanda shambani. Kichwani, kitalu ni kisogo. Daktari huchoma sindano za ganzi, hutoa nywele za kisogoni pamoja na mizizi yake, kisha huzipanda penye kipara. Kazi hii huchukua saa nyingi. Na mzizi ukishatolewa kisogoni, pale hapaoti tena.

Kwa nini kisogo? Mwanamume mwenye upara wa kurithi hupoteza nywele za mbele na za utosini polepole. Nywele za kisogoni na za juu ya masikio hubaki. Mwaka 1939 daktari wa Japani, Shoji Okuda, aliandika jinsi alivyopanda vipande vidogo vya ngozi yenye nywele. Mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York alionyesha kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele huendelea na tabia yake ya kisogoni. Zinabaki.

Sasa tazama kichwa chako, au mwombe mwenzako akutazamie. Upara wa kurithi hauwashi. Hauna magamba wala usaha. Ngozi yake ni nzima. Upara huu si ugonjwa. Mimi mwenyewe nywele za kipaji zimeanza kurudi nyuma, na sindano nachoma vizuri tu.

Lakini ukiona mabaka, hayo ni mambo mengine. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika ana mapunye. Mapunye huletwa na kuvu, na huambukizwa kwa kuchangia wembe, kitana au kofia. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya unywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma 6 hadi 8, na pengine zaidi. Wazazi wengi huacha dawa magamba yakipungua, usiache. Na kama pamevimba, panauma na kutoa usaha, usingoje siku ya kliniki. Mlete mara moja. Pakichelewa panaweza kubaki kovu, na kovu hilo halitaota nywele maisha yake yote.

Mtu mzima ambaye nywele zake zimenyonyoka ovyo ovyo, kama nguo iliyoliwa na nondo, apimwe kaswende. Ikiwa ni kaswende, hutibiwa kwa sindano ya penisilini na nywele hurudi. Mama aliyejifungua miezi 3 iliyopita akaona nywele zinadondoka asiogope, nazo hurudi. Anayesuka kwa kukaza sana hadi nywele za kipajini zikaisha, afumue mapema. Akiendelea miaka mingi mizizi hufa. Hao wote hawaanzi na upasuaji.

Basi tuseme upara wako ni wa kurithi kweli. Bado yapo mambo ya kuangalia, na kwetu Waafrika la kwanza ni makovu. Pitisha mkono kwenye kovu la chanjo, kwenye sikio lililotobolewa, kwenye jeraha la zamani. Je, kovu limevimba na kukua kupita jeraha lenyewe? Kama ndivyo, upasuaji huu ni hatari kwako. Unaweza kubadilisha kipara kwa vinundu. Tazama pia kisogo. Wanaume wengi hutokwa na vipele vigumu hapo baada ya kunyoa. Kitalu chenye vipele hakitolewi miche. Tena nywele zetu za kipilipili zimejikunja hata chini ya ngozi, na asiyezizoea huikata mizizi anapoitoa. Muulize daktari amewahi kuwapandikiza Waafrika wangapi, na akuonyeshe.

La pili ni umri. Kijana wa miaka 20 upara wake bado unatembea. Akipandwa nywele mbele leo, za nyuma yake zitaendelea kudondoka, naye atabaki na kisiwa cha nywele kwenye paji la uso. Afadhali angoje. Mwenye kisogo chepesi hafai, na wanawake wengi huwa hivyo, kwani nywele zao hupungua kichwa kizima. Mwenye kisukari au shinikizo la damu lisilotulia, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asikubali kuguswa kabla ya daktari wake kusema.

Ukionekana unafaa, ujue hili. Nywele zilizopandwa hudondoka majuma machache baada ya upasuaji. Wengi hapo hudhani wameibiwa. Huanza kuota tena baada ya miezi 3 au 4, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka hivi. Uliza pia nani hasa atakayeshika kisu, maana zipo sehemu ambako anayepasua si daktari. Na uliza nani atakitazama kidonda kikianza kutoa usaha wakati wewe umekwisha kurudi kijijini.