Kipandikizi cha Mfupa Kinachoyeyuka Mwilini: Usalama Wake Hupimwaje?

Mfupa uliovunjika huweza kushikwa kwa bamba na skrubu za chuma. Siku hizi vipo pia vipandikizi vya polima, aina ya plastiki inayoyeyuka polepole huku mfupa ukijijenga, hivyo mgonjwa hahitaji kupasuliwa tena ili vitolewe. Lakini polima hubadilika kila wiki, na hapo ndipo ugumu wa kuipima ulipo.

Kazi huanzia maabara. Kipande cha polima hulowekwa kwenye kimiminika chenye joto la mwili, nyuzi 37, kisha kimiminika hicho humiminwa juu ya seli hai. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-5, uhai wa seli ukipungua kwa zaidi ya asilimia 30, polima hiyo huhesabiwa kuwa na sumu. Hupimwa pia mzio na mabaki ya gesi ya kuulia vijidudu. Baadaye huja zamu ya wanyama, kama sungura na kondoo.

Kufaulu huko hakutoshi. Mjini Groningen, Uholanzi, madaktari waliwaunga wagonjwa 10 mifupa ya mashavu kwa vibamba na skrubu za polima iitwayo polilaktiki. Mifupa iliunga vizuri. Miaka mitatu hivi baadaye, baadhi yao walirudi wakiwa na uvimbe palepale. Ndani yake, kama ilivyoripotiwa mwaka 1993, vilikutwa vipande vidogo vya polima ambavyo havijaisha, vimezingirwa na seli za kinga. Polilaktiki huishia kuwa asidi ya laktiki, ileile ambayo misuli hutengeneza mtu anapokimbia. Si sumu, tatizo lilikuwa masalia yaliyokawia kuondoka.

Mjini Helsinki, Finland, mambo yalikuwa kinyume chake. Polima nyingine, poliglikoliki, huyeyuka upesi, na ripoti ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba wagonjwa 107 kati ya 2,037 waliowekewa polima hiyo walipata uvimbe usio na vijidudu, kwa wastani wiki 11 baada ya upasuaji. Kwa polilaktiki alikuwa mmoja kati ya 491, naye ilimchukua zaidi ya miaka minne.

Ili kutosubiri miaka yote hiyo, maabara huweza kuharakisha uyeyukaji kwa joto la nyuzi 70. Ni dokezo tu, kwani polilaktiki hulainika kwenye nyuzi 60 hivi na haivunjiki tena kama ingevunjika mwilini. Kwa maoni yetu, swali la kumbana nalo mtengenezaji ni hili: mnyama alifuatiliwa mpaka polima ikaisha, au mpaka bajeti ikaisha?

Nawe mgonjwa, kabla ya upasuaji uliza jina la polima na muda wake wa kuyeyuka, vyote viandikwe kwenye cheti chako, ukitunze. Ukivimba hapo hata baada ya miaka mitano, mwonyeshe daktari cheti hicho, maana polima hizi kwa kawaida hazionekani kwenye eksirei na huenda asijue kama kuna kitu.