Kuilinda Liki na Kidudu Kiitwacho Thripsi

Liki ni ndugu ya kitunguu, na katika sehemu za baridi za Kenya, kama vile Limuru na Kinangop, humea vizuri hata katika bustani ndogo iliyo nyuma ya nyumba. Lakini iko tofauti moja ambayo yampasa mwenye bustani kuifahamu. Kitunguu kikiliwa majani na wadudu, bado kichwa chake kimo ardhini, na mwenyewe huvuna japo kidogo. Liki haina kichwa. Jani na shina ndiyo mali yenyewe iendayo sokoni, na mnunuzi hulitazama jani kwanza. Akiliona limeingia weupe kama lililopakwa fedha, huliweka fungu chini na kwenda kwa muuzaji wa pili, na kazi ya miezi minne au mitano huwa imepotea.

Mharibifu huyo aghalabu ni thripsi. Urefu wake ni kama milimeta 1 tu, naye ni mwembamba, wa rangi ya manjano au kahawia. Kwa udogo huo watu wengi hawamwoni, wakadhani kuwa jani limepungukiwa na mbolea. Kumtafuta si kazi. Mche ukung'utwe juu ya karatasi nyeupe, na vijipande vyembamba vikianza kutembea, hao ndio. Kisha majani machanga yapanuliwe pale yanapokutana katikati ya shina, maana humo ndimo wanamokaa kwa wingi, pamoja na vidoa vyeusi vya mavi yao.

Yafaa maisha yake yajulikane, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanaponunua dawa bure. Jike hutia mayai ndani ya nyama ya jani, tena huweza kuzaa bila dume. Watoto hukwaruza jani na kufyonza maji yake. Wakishiba hushuka udongoni na kutulia humo bila kula, mpaka watoke wakiwa na mabawa. Wakati wa joto mambo haya yote humalizika kwa majuma mawili au matatu. Basi siku moja ya kupiga dawa, mayai yamo ndani ya jani, wengine wamo udongoni, na waliobaki wamejibana shingoni mwa liki. Dawa huwaangukia wachache. Ni sawa na mtu kufunga mlango wa mbele ili kumzuia panya aliyekwisha kulala darini. Zaidi ya hayo, dawa ile ile ikirudiwa kila mara, thripsi huizoea, nayo huwa kama maji tu.

Maji yenyewe, kwa kweli, ni silaha nzuri. Thripsi hupenda ukavu na joto, na ndiyo sababu huzidi mwezi wa Januari na Februari. Mvua kubwa huwaosha na kuwaangusha. Kwa hiyo asubuhi za kiangazi liki inyweshwe kutoka juu, maji yaingie shingoni. Nyasi kavu zikitandazwa kati ya mistari huhifadhi unyevu na kuwapunguza wadudu. Pia kitalu cha miche kisiwekwe karibu na shamba la vitunguu vinavyokaribia kuvunwa, kwa sababu vitunguu vikikauka thripsi huhama na upepo kutafuta majani mabichi.

Majaribio yaliyofanywa Kenya, ambayo habari zake zilichapishwa mwaka 2012, yalionyesha kuwa vitunguu vilivyopandwa pamoja na mgagani au karoti vilikuwa na thripsi wachache. Karoti yafaa zaidi kwa bustani ya nyumbani, maana mgagani hukua upesi na kuinyang'anya liki mwanga na chakula.

Wadudu wakiwa wamekwisha kuzidi, maji yenye sabuni kidogo huweza kupigwa jioni, yakielekezwa shingoni, na kurudiwa baada ya juma moja ili kuwapata walioanguliwa nyuma. Yajaribiwe kwanza kwa miche michache; sabuni ya unga huunguza majani. Anayenunua dawa dukani aulize siku za kungoja kabla ya kuvuna, kwa sababu liki huliwa jani na shina, na dawa iliyoingia katikati ya majani haitoki kwa kusuuzwa mara moja.

Tena thripsi hubeba kirusi kiletacho madoa ya manjano, ambacho mwaka 2011 ilitangazwa kuwa kimeonekana katika vitunguu vya Kenya na Uganda. Mtoto wa thripsi hukipata kwa kula mche mgonjwa, naye akiota mabawa hukipeleka kwingine. Mche uliokwisha kupatwa hauna dawa. Ung'olewe, na mabaki ya vitunguu na liki ya msimu uliopita yaondolewe shambani yafukiwe mbali, kabla miche mipya haijatolewa kitaluni.