Mumbai kwa Saa ya Wafanyakazi

Wageni wengi wanaotoka Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hawaendi Mumbai kutalii. Wanaenda na faili la hospitali, wakimsindikiza mzazi, mke au mtoto, na wiki zao huishia kati ya wodi, duka la dawa na chumba cha kupanga. Nami nilikaa hivyo hivyo, na kilichoniudhi kuliko vyote ni chakula. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilituonya kwamba vya barabarani ni sumu, kisha ikatuuzia wali uliopoa na dali nyepesi kwa bei ambayo ingelisha familia nzima nje ya geti lake. Nje ya geti hilo ndipo nilipoupenda mji huu.

Chakula cha barabarani cha Mumbai kilibuniwa kwa ajili ya watu wa kazi, wenye dakika chache na rupia chache. Kila kitu kina saa yake. Ukikila kwa saa yake, kimetoka motoni sasa hivi, wanunuzi ni wengi, na bei ni ile ile anayolipa karani au kuli. Ukikifuata saa nyingine, unakula kilicholala. Kwa hiyo weka kando orodha za migahawa kumi bora, utazame saa.

Onyo moja kabla ya yote: mgonjwa asile barabarani. Anayetibiwa saratani, aliyetoka kupasuliwa au mwenye figo dhaifu apikiwe, tena kwa ushauri wa daktari wake. Ninayoyaandika hapa ni ya msindikizaji mwenye afya, ambaye naye anahitaji kula vizuri ili aweze kuuguza.

Asubuhi: Matunga na Bhendi Bazaar

Anzia Matunga Mashariki. Hapo walihamia watu wengi wa kusini mwa India, na migahawa yao huwasha majiko mapema kwa ajili ya idli, dosa na kahawa ya maziwa. Cafe Madras na Ram Ashraya ndiyo majina utakayotajiwa na kila mtu, na yote mawili yanastahili sifa. Nenda siku ya kazi kabla ya saa mbili asubuhi. Jumapili foleni humwagika hadi barabarani. Meza hushirikiwa, hivyo usione ajabu ukikalishwa na familia usiyoijua, na ukimaliza kula inuka, kuna anayesubiri kiti chako. Kama tumbo lako bado ni geni mjini, agiza idli. Ni mikate laini ya mchele na kunde iliyochachuliwa na kuivishwa kwa mvuke, haina mafuta wala haichoshi.

Anayetaka nyama aende Bhendi Bazaar, karibu na Barabara ya Mohammed Ali. Nihari hupikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi mpaka nyama iachane na mfupa na uboho uingie kwenye mchuzi, na huliwa kwa mkate wa moto. Noor Mohammadi Hotel ni mahali pazuri pa kuijaribu. Mtaani humu utapata chakula cha halali bila kuhangaika. Usiulizie nyama ya ng'ombe: jimbo la Maharashtra limepiga marufuku kuchinja ng'ombe, na tangu 2015 hata fahali na maksai. Nyama utakayoipata ni ya mbuzi, kondoo, kuku au nyati wa kufugwa.

Kwa chai, tafuta mikahawa ya Wairani, iliyoanzishwa na Wazoroasta waliohamia kutoka Iran. Mingi imefungwa, na kila unaofungwa ni hasara kwa mji. Kyani & Co., uliofunguliwa mwaka 1904 karibu na stesheni ya Marine Lines, bado upo. Agiza mkate mtamu uliopakwa siagi nyingi, uuchovye kwenye chai ya maziwa.

Mchana: vichochoro vya Fort

Ukiwa stesheni ya Churchgate yapata saa tano na nusu, utawaona dabbawala wakishusha vyombo vya chakula kutoka majumbani na kuvigawa kwa ajili ya maofisini. Kazi hiyo ilianza mwaka 1890. Mfanyakazi asiyeletewa chombo huteremka kwenye khau galli, kichochoro cha kula, na vichochoro vya mtaa wa Fort hufurika kati ya saa saba na saa nane.

Hapo mimi ningekula sandwichi ya Mumbai, ambayo wageni wengi huipita wakidhani ni kitu cha Kizungu tu. Muuzaji hupaka slesi siagi na chatne ya kotmiri na pilipili mbichi, akapanga viazi vilivyochemshwa, nyanya, tango, kitunguu na bitiruti, akanyunyiza bizari, kisha akaibana kwenye chuma juu ya makaa au gesi mpaka iwe kahawia. Agiza ya kuchomwa, usile ile mbichi. Saa tisa ikigonga, achana na vichochoro hivi. Kilichobaki ni masalio.

Jioni: vada pav na bhelpuri

Vada pav ndicho chakula cha Mumbai kuliko vingine vyote. Viazi hupondwa na kitunguu thomu, binzari manjano na mbegu za haradali, vikaviringwa, vikachovywa kwenye uji wa unga wa dengu na kukaangwa, kisha donge likatiwa ndani ya kibofulo pamoja na chatne kavu ya thomu na pilipili. Mzanzibari atalitambua donge hilo kuwa ni kachori ya nyumbani. Lakini usiagize kachori huku, utapewa andazi gumu lililojazwa dengu.

Inasimuliwa kwamba mtu wa kwanza kuuza vada pav alikuwa Ashok Vaidya, nje ya stesheni ya Dadar, mwaka 1966. Wateja walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Parel na Lalbaug, waliohitaji kitu cha kushika kwa mkono mmoja wakikimbilia treni. Mgomo mkubwa ulioanza Januari 1982 uliviua viwanda vingi, majengo yake yakageuka maduka na maghorofa, lakini chakula cha wafanyakazi kikabaki. Ndiyo maana nasisitiza ukile stesheni, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, wakati karai halipoi. Bei ya kawaida ni kati ya rupia 15 na 30. Hoteli inayokileta kwenye sahani ya kaure kwa rupia 200 inakuuzia sahani.

Baada ya hapo shuka Charni Road utembee hadi ufuko wa Girgaum Chowpatty ule bhelpuri: bisi za mchele, viazi, kitunguu, embe bichi kwa msimu wake, ukwaju na chatne. Aliyelelewa na urojo ataelewa mara moja ule mchezo wa uchachu na ukali. Utafute pia dabeli, kibofulo cha viazi vyenye viungo, karanga na komamanga. Asili yake ni Mandvi, bandari ya Kutch iliyopeleka majahazi Unguja kwa vizazi vingi.

Usiku: siagi na sukari

Pav bhaji ni mboga zilizopondwa juu ya sinia kubwa la chuma pamoja na nyanya na siagi ya kutisha. Sardar, mtaa wa Tardeo, huipika vizuri sana. Sahani moja inawatosha wawili, na mwenye shinikizo la damu aonje tu.

Ramadhani, watu wote hukimbilia Barabara ya Mohammed Ali, kandokando ya Minara Masjid, kwa kebabu na vitamu vya malpua na firni. Chakula ni kizuri kweli. Umati wa kumi la mwisho, hasa wikendi, hauna uzuri wowote: hupumui, huoni unachokula, na mfuko wako uko wazi. Nenda katika kumi la kwanza, siku ya kazi, baada ya isha. Nje ya Ramadhani, Badshah karibu na Crawford Market itakupa faluda bila msukumano mkubwa.

Treni, teksi na bajaji

Hapa ndipo mji unapomchosha mgeni. Bajaji haziruhusiwi kuingia kusini mwa jiji, mwisho wake ni Mahim na Sion. Dereva atakayekuahidi kukupeleka Fort kwa bajaji kutoka Andheri atakuteremsha njiani, na utalipa mara mbili. Tangu Februari 2025 nauli ya kuanzia ya bajaji ni rupia 26, na ya teksi nyeusi na njano ni rupia 31, kwa kilomita moja na nusu ya kwanza. Mita ndiyo sheria. Dereva akikataa kuiwasha, shuka umwendee wa nyuma yake, usibishane.

Uwanja wa ndege ni mtihani peke yake. Tulipotoka tu, mtu aliyevaa beji shingoni alitusogelea, akachukua mkokoteni wetu bila ruhusa na kutaja nauli iliyokuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya dirisha la teksi za kulipia kabla. Wanawalenga hasa wenye wagonjwa kwa sababu wanajua hatuna muda wa kuzunguka. Lipia dirishani, ndani ya jengo, na stakabadhi usimpe dereva mpaka ufike. Kama huna mgonjwa wala mizigo mingi, tangu Oktoba 2025 treni ya chini ya ardhi, njia ya 3, inatoka uwanja wa ndege hadi stesheni kuu ya CSMT na mtaa wa Cuffe Parade, ina kiyoyozi na haijui foleni.

Treni za kawaida ndizo zitakazokulisha, kwa hiyo jifunze kuzisoma. Churchgate ni mwanzo wa njia ya Magharibi, CSMT ni wa njia za Kati na Bandari. Ubao wa stesheni huonyesha herufi za mwisho wa safari, saa, kisha F kwa treni ya haraka au S kwa ya polepole. Ya haraka kutoka Churchgate hairuki Dadar, Bandra wala Andheri, lakini inaipita Charni Road, kwa hiyo mwenda Chowpatty apande ya polepole. Usipande treni ya Virar kama unashuka karibu: abiria wake wana safari ndefu, wanajaza mlango, na hutaweza kutoka. Asubuhi umati unaelekea kusini, jioni kaskazini. Wewe safiri kinyume chake. Wanawake wana mabehewa yao, wayatumie. Daraja la kwanza lina alama za mistari ya mshazari, na ukiingia na tiketi ya daraja la pili utatozwa faini. Mgonjwa usimpandishe treni saa hizo kwa sababu yoyote.

Fedha na tumbo

Mumbai hulipa kwa simu hata chai ya rupia kumi, na mgeni hana mfumo huo mara anapofika. Mashine za benki hutoa noti za 500, na muuza vada pav hana chenji yake. Zivunje dukani unaponunua maji, uweke noti za 10 na 20 mfuko wa peke yake. Ndugu akikukabidhi rupia za safari ya zamani, zikague: noti za 500 na 1000 za kabla ya Novemba 2016 hazina thamani tena, na ile ya 2000 imeondolewa kwenye mzunguko tangu 2023, wauzaji hawaipokei.

Kwa tumbo, kanuni ni chache. Kula kinachotoka kwenye mafuta au chuma cha moto mbele yako. Kati ya Juni na Septemba, msimu wa mvua, kaa mbali na panipuri, vile vijiputo vya unga vinavyojazwa maji ya viungo, kwa sababu hatari yote imo kwenye maji yake. Barafu na juisi ya miwa viache. Kupunguza pilipili, sema "kam tikha", na muuzaji mwite "bhai" au "bhaiya". Vyakula vya pakiti vina alama ya kijani kama havina nyama.

Vya kuviruka

Lango la Gateway of India, lililomalizika 1924, litazame ukiwa unapita. Usimpe mkono mpiga picha wala anayekufunga uzi wa baraka, atadai fedha. Mtaa wa Colaba ulio jirani hula vibaya kwa bei ya juu. Hapo pia mama mwenye mtoto atakuomba umnunulie maziwa ya kopo katika duka alilolichagua yeye, kisha kopo hurudi rafuni na fedha akagawana na mwenye duka. Mkarimu ampe mtu chakula kilichopikwa. Vibanda vya ufuko wa Juhu navyo vimesifiwa kupita kiasi: wapiga debe wanakuvuta mkono, na chakula hicho hicho Dadar ni bora na rahisi zaidi.

Ukiwa na siku moja tu

Muda wa kuona wagonjwa hospitalini huacha mapengo, na mapengo hayo yanatosha. Idli Matunga saa moja na nusu asubuhi. Sandwichi ya kuchomwa Fort saa saba. Vada pav Dadar saa kumi na moja, kabla umati wa jioni haujakolea. Kati ya mlo na mlo rudi kwa mgonjwa wako ukiwa na nguvu. Nyumba ya wageni ikikulazimisha kulipia chakula chake pamoja na chumba, tafuta nyingine: Parel na Dadar zina vyumba vingi visivyo na sharti hilo, na jirani yake daima kuna karai linalochemka.