Mfupa wa Mkono Usipounga

Ndugu wafanyakazi, somo letu leo lahusu mfupa ulio kati ya bega na kiwiko. Sisi wa Arua na Koboko twajua jinsi unavyovunjika: dereva huanguka na pikipiki, mpakiaji huteleza kwenye lori na gunia begani. Ukifungwa vizuri, kwa kawaida huunga katika majuma 8 hadi 12. Lakini mwingine hukataa.

Tutajuaje? Miezi 6 imepita, na mkono ungali wauma unyanyuapo kitu, au wapinda mahali pasipo kiungo. Picha ya eksirei huonyesha mwanya kati ya vipande. Sababu ni nyingi: vipande havikutulia, damu haikufika ya kutosha, vijidudu viliingia kidondani, au mgonjwa huvuta sigara. Hapo kukanda na kuvuta hakufai, kwa maana mfupa unaotikiswa hauungi.

Tiba yake kubwa ni upasuaji. Daktari huondoa nyama ngumu iliyojaa mwanyani, hukwangua ncha za mfupa mpaka zitoe damu, kisha huvibana vipande kwa bamba la chuma na skrubu. Mara nyingi huchukua mfupa kidogo katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza pale, usaidie mfupa mpya kuota. Kazi hii yataka mjuzi, kwani mshipa wa fahamu unaoinua kiganja hupita nyuma ya mfupa huo; ukijeruhiwa, kiganja hulegea. Kama pana usaha, hutibiwa kwanza.

Yahusuje chama? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000, yamtaka mwajiri agharimie matibabu ya aliyeumia kazini. Ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari kwa asilimia, na fidia hufuata kipimo hicho. Basi, mtu asitie sahihi malipo ya mwisho huku mfupa haujaunga. Akitia, huenda upasuaji akajilipia mwenyewe.

Kwa hiyo tufanye haya: tumwarifu mwajiri mapema, kwa maandishi, tutunze picha na risiti zote, tumwone daktari kabla miezi haijapita, tukianzia Hospitali ya Rufaa ya Arua, na pakiwa na ubishi, twende kwa afisa wa kazi wa wilaya pamoja na mjumbe wa chama. Mfupa uliokataa kuunga waweza kuungwa, na mwenye mkono akarudi kazini.