Kijana wa Kadutu na Vyuma vya Simenti

*Baba Mshauri, mwanangu ana miaka 14, hucheza mpira, na tamaa yake ni kuvaa siku moja jezi ya klabu ya Muungano. Sasa kocha amewaanzishia kunyanyua vyuma, yaani makopo yaliyojazwa simenti na kuunganishwa kwa nondo. Shemeji yangu aapa kwamba vitamzuia mtoto kurefuka. Nimkataze?*
*Mama mwenye hofu, Kadutu*

Mama wa heshima, hofu ya shemeji yako haistahili kudharauliwa, kwa kuwa karibu na ncha za mifupa ya mtoto zimo sehemu laini ambazo kwazo mfupa hurefuka, nazo kwa wavulana aghalabu hazigeuki mfupa kamili kabla ya miaka 16 au 17. Lakini matabibu waliolichunguza jambo hili, wakiwamo madaktari wa watoto wa Marekani waliotoa mwongozo wao upya mwaka 2020, hawakuona kwamba mazoezi ya nguvu yenye kipimo na msimamizi humdumaza mtoto, bali yamkaza mifupa na kumpunguzia majeraha uwanjani.

Kinachodhuru ni mzigo usio na kipimo. Bidoni la maji la lita 20, ambalo watoto wetu hulipandisha milimani kila alfajiri, lina takriban kilo 20, na juu ya mzigo huo sisi wazee tumenyamaza. Hilo lanisikitisha kuliko vyuma vyote vya kocha.

Hata hivyo, makopo hayo yana hatari yake: simenti hujazwa kwa kukisia, upande mmoja ukazidi, na uti wa mgongo wa mtoto ukavutwa kombo. Mwombe kocha ayapime kwa mizani ya muuza nyama. Kisha mwulize kama vijana walianza kwa uzito wa miili yao wenyewe, kwa kuchuchumaa na kujisukuma kutoka chini kwa mikono. Mwulize pia kama chuma ni chepesi kiasi cha kunyanyuliwa mara 10 hadi 15 bila mgongo kupinda. Na kama yeye huwapa vijana siku ya kupumzika katikati, maana siku mbili au tatu kwa juma zatosha. Akiwaacha washindane nani anyanyue kizito zaidi, hapo mkataze mwanao bila kusita.

Mpe bugali kwa maharagwe, na samaki wadogo wa sambaza wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Siku ya vyuma mwondolee bidoni, na maumivu ya goti au mgongo yakilala naye hadi asubuhi, mpeleke kwa tabibu.