SOMO: KODI NA SIRI YA MTU

Katika somo hili twapenda kulitazama jambo ambalo wengi hulisikia likitajwa wala hawaujui undani wake, nalo ni hili: Je, serikali inayo haki ya kulifungua daftari la fedha za mtu bila ya kumpigia hodi?

Kwanza yapasa tuseme wazi kwamba kodi ni deni. Hospitali na barabara haziendeshwi kwa maneno matupu, na afichaye mali yake humtwika jirani yake mzigo usio wake. Basi asije mtu akadhani kuwa twamtetea mkwepaji.

Lakini kudai deni ni jambo moja, na kuipekua nyumba ya mdaiwa ni jambo jingine. Wakoloni wa Kiingereza walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901, karani aliweza kuhesabu mapaa naye yuko nje. Leo mali ya mtu imo ndani ya simu yake. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kila shilingi ipitayo humo huandikwa: nani kaituma, nani kaipokea, na saa ngapi.

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Bangale. Auza ng'ombe wawili, mmoja wake na mmoja wa shangazi yake, na fedha zote zaingia katika simu yake. Kesho yake apokea mchango wa jamaa kwa ajili ya mgonjwa aliyepelekwa Garissa. Azitazamaye hesabu hizo kutoka Nairobi ataona fedha nyingi, wala hataona kuwa hii ni amana na ule ni mchango. Hapa pana madhara mawili: mtu kuhesabiwa mali isiyo yake, na siri za watu wengine, mgonjwa na waliomchangia, kufunuliwa bila ya wao kujua.

Sheria nayo haikunyamaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yamlinda kila mtu asitakiwe kutoa habari za jamaa zake au za mambo yake ya siri pasipo lazima. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Hata hivyo, ulinzi huo umekwisha kujaribiwa mara mbili. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka habari za watu zinazohitajiwa kwa kukadiria na kukusanya kodi zitolewe katika ulinzi wa sheria hiyo ya 2019. Mswada huo Rais alikataa kuutia sahihi baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni 2024, ambayo watu waliuawa ndani yake. Mwaka 2025 likaletwa pendekezo jingine, la kukifuta kifungu kinachoikataza Mamlaka ya Ushuru kuwalazimisha wafanya biashara kuipa siri za biashara zao na habari binafsi za wateja wao. Kamati ya Fedha ya Bunge ililikataa, ikasema kwamba Mamlaka yaweza tayari kuzipata habari kwa hati ya mahakama.

Huenda mtu akauliza: asiye na hatia aogopa nini? Jawabu ni kwamba sisi sote hufunga milango yetu usiku, wala si kwa kuwa tumeficha mali ya wizi ndani. Twafunga kwa ajili ya sitara. Na hati ya mahakama ndiyo hodi ya serikali: haimzuii mwenye haki kuingia, bali yamtaka aeleze kwanza mbele ya hakimu amshuku nani, na kwa sababu gani.

Basi yatupasa mambo matatu. La kwanza, tulipe tunachodaiwa. La pili, kila mwenye biashara aandike daftari lake, atenge fedha za amana na fedha zake mwenyewe, na ahifadhi risiti, ili atakapoulizwa awe na jawabu. La tatu, Mswada wa Fedha huletwa kila mwaka, na Bunge hutakiwa kuwasikiliza wananchi kabla ya kuupitisha. Tuusome mapema, tupeleke maoni yetu. Kifungu kilichokataliwa mara mbili chaweza kurudi mara ya tatu, na atakayekuwa amelala wakati huo asimlaumu mgeni aliyeingia bila hodi.